Somo: Namna ya kupima timu mbili kabla ya mfululizo wa kriketi ya Testi

Kila timu mbili kubwa zinapokaribia kukutana, wanachama wa Kisumu na Nakuru huniuliza swali lile lile: nani atashinda? Naandika utaratibu mzima hapa ili nisiurudie tena. Testi ni kriketi ya hadi siku tano ambayo kila timu hupiga zamu mbili; mfululizo ni mechi kadhaa kati ya timu hizo hizo mbili.

Hatua ya kwanza: jua nchi, viwanja na mwezi wa mfululizo.

Hatua ya pili: jua mpira utakaotumika. Uingereza hutumia Dukes, ambao mshono wake hukaa umeinuka kwa muda mrefu. Australia hutumia Kookaburra, unaolainika mapema. India hutumia SG.

Hatua ya tatu: hesabu wiketi 20 (wiketi ni mpigaji mmoja kutolewa; kumi humaliza zamu ya timu). Kwa kawaida mshindi lazima awatoe wapinzani mara mbili, kwa hiyo anza na warushaji, si wapigaji. Mpira mpya hupatikana baada ya ova 80 (ova moja ni mirusho sita). Jiulize ni nani atakayerusha kati ya ova ya 40 na ya 80, mpira ukiwa umechakaa na jua limewaka.

Hatua ya nne, wastani wa mchezaji (mikimbio, yaani pointi, anazopata mpigaji kwa kila kutolewa, au anazotoa mrushaji kwa kila wiketi), ndiyo inayoharibiwa na wengi, nami naomba isomwe polepole. Wastani wa miaka yote huchanganya pichi (ukanda wa ardhi ambapo mpira hurushwa na kupigwa) za nyumbani na za ugenini, za majani mabichi na za vumbi, hivyo usiutumie kabla ya kuutenganisha. Mwaka 2024 New Zealand ilifika India ikiwa imetoka kufungwa mechi 2-0 Sri Lanka, bila Kane Williamson aliyekuwa majeruhi, ilhali India haikuwa imepoteza mfululizo nyumbani tangu 2012. New Zealand ikashinda 3-0. Bengaluru, chini ya mawingu, warushaji wa kasi waliitoa India kwa mikimbio 46. Pune, kwenye pichi kavu, Mitchell Santner alichukua wiketi 13 kwa spini (mpira wa polepole unaozungushwa), ingawa kabla ya hapo hakuwahi kufikisha wiketi tano katika zamu moja ya Testi. Aliyetazama jumla ya takwimu zake asingemwogopa; aliyetazama pichi angemwekea alama. Tahadhari mbili: mechi mbili za ugenini hazitoshi kumhukumu mtu, na takwimu za kriketi ya ova 20 zisiingizwe humu kabisa.

Hatua ya tano: hakikisha nani ni majeruhi.

MASWALI

Mwanachama, Kakamega: Kwa kifupi, kati ya India na Australia nani mkali?
Jibu: Hukutaja nchi wala mwezi. Rudi hatua ya kwanza.

Mwanachama, Nakuru: Orodha ya viwango ya ICC, baraza la kriketi la dunia, haitoshi? Naona unatuzungusha tu.
Jibu: Simzungushi mtu. India ilikuwa juu ya New Zealand katika orodha hiyo kabla ya mfululizo nilioueleza. Ungeitegemea, ungekosea mara tatu mfululizo.

Mwanachama, Kisumu: Mwalimu, Desemba 2020 India ilitolewa na Australia kwa mikimbio 36 kule Adelaide, kisha ikashinda mfululizo 2-1. Hatua zako zingeliona hilo?
Jibu: Ahsante sana kwa swali hili. Hatua ya tatu ingekuzuia kuizika India mapema. Katika mechi hiyo hiyo ya Adelaide, warushaji wake walikuwa wameitoa Australia kwa 191 katika zamu ya kwanza, kwa hiyo uwezo wa kupata wiketi 20 ulikuwepo. Melbourne wakaitoa kwa 195 na 200. Wengi waliona 36 peke yake. Sisemi hatua hizi zingetabiri ushindi wa Brisbane, ambako Australia haikuwa imeshindwa tangu 1988 na India ilikuwa imepungukiwa na warushaji wake wakuu kwa majeraha. Hapo vijana waliojaza nafasi walifanya makubwa. Ukipata nafasi, linganisha kadi za mechi zote nne, zamu kwa zamu.

Mwanachama, Bungoma: Na saa za kufuatilia?
Jibu: Mechi za India huanza saa moja asubuhi kwetu, za Uingereza, saa saba mchana, za Melbourne, saa nane na nusu usiku. Usikose saa ya kwanza, mpira ukiwa mpya.

Mwanachama, Nakuru: Mimi huandika pia ni mrushaji yupi anaitwa kwanza baada ya chakula cha mchana.
Jibu: Andika na upande anaorushia, kwa sababu upepo humsaidia mmoja na kumnyima mwenzake.