Somo: Kufufua baiskeli kuukuu ya mbio, anza na vyuma vilivyoshikana

Ndugu wanachama, wengi tukipata fremu ya zamani ya chuma tunakimbilia rangi. Rangi ni ya mwisho kabisa. Baiskeli hizi hukutesa kwa mambo mawili: vyuma vilivyoshikana, na vipimo ambavyo kila nchi ilijipangia vyake. Kwa hiyo usinunue hata nati moja mpaka umalize hatua ya 3.

Hatua ya 1: Bomba la siti
Hili ni bomba linaloshika siti na kuzama ndani ya fremu, mara nyingi la aluminiamu. Aluminiamu ikikaa ndani ya chuma na kupata unyevu na jasho la miaka, huota unga mweupe, na unga huo hutaka nafasi kubwa kuliko aluminiamu iliyoliwa. Ndiyo maana bomba hubanwa hata kama hakuna kutu ya kuonekana.

Toa bolti ya kubania yote, usiilegeze tu. Mwagia dawa ya kutu kuzunguka bomba, gongagonga, acha ilale hapo mpaka kesho, kisha rudia. Ukianza kulitoa, zungusha, usivute. Likicheza hata upana wa kucha, kazi imekwisha: nenda nalo huku na huku ukiongeza mafuta. Likigoma, geuza baiskeli miguu juu, bana bomba kwenye jiriwa, halafu fremu yenyewe iwe mkono wa kuzungushia. Taratibu lakini, mabomba ya fremu hizi ni membamba na hupinda.

Moto tusiuharakie. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukipasha vyote pamoja unazidi kubana. Barafu juu ya bomba ina akili zaidi. Likitoka, soma namba iliyogongwa: 27.2, 26.8, 26.4 na kadhalika. Milimita 0.2 tu zinatosha kukurudisha dukani.

Hatua ya 2: Pedeli na kranki
Pedeli ya kushoto ina hesi za kinyume. Kwa pande zote mbili, spana ikiwa imesimama juu ya pedeli, isukume kuelekea gurudumu la nyuma, hapo unafungua.

Kranki (mikono inayobeba pedeli) za kota pini, yaani zilizoshikwa kwenye ekseli kwa pini ya kugongwa, ndizo zinazotoa watu machozi. Legeza nati mpaka iwe sawa na ncha ya pini, uiache hapo ilinde hesi. Egemeza kranki juu ya kipande cha bomba kinachofika sakafuni, ndipo ugonge pigo moja zito. Bila egemeo hilo nguvu yote huishia kwenye gololi.

Hatua ya 3: Vikombe vya ekseli ya pedeli
Hivi ni vikombe vyenye hesi vinavyoshika ekseli ya kranki ndani ya fremu. Hapa pima kabla ya kukaza mkono. Kwa hesi za Uingereza, kikombe cha upande wa cheni hufunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Za Italia na Ufaransa hufunguka kinyume cha saa. Pima upana wa bomba la fremu linalobeba vikombe hivyo: milimita 70 ni dalili ya Italia, 68 hutumiwa na Waingereza na hata Wafaransa, kwa hiyo hapo bado hujui. Angalia maandishi kwenye kikombe (kipenyo, kisha hesi): 1.37 x 24 ni ya Uingereza, 36 x 24 Italia, 35 x 1 Ufaransa.

Hatua ya 4: Gololi
Badilisha zote, ni bei ndogo. Ekseli ya pedeli na habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma kwa kawaida ni inchi 1/4, habu ya mbele 3/16. Grisi ya kutosha, basi.

Waya za breki, raba za breki na cheni: weka mpya. Kromu yenye kutu isugue kwa karatasi ya aluminiamu iliyoloweshwa maji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka, rimu zangu ni za inchi 27. Nikiweka za saizi ya kisasa, 700C, breki zitafika?
Jibu: Rimu ya 27 ina kipenyo cha milimita 630, ya 700C ni 622. Raba za breki zinatakiwa zishuke milimita 4. Tazama kama tundu la mkono wa breki lina nafasi hiyo. Kama halina, tafuta breki zenye mikono mirefu.

Swali: Habu ya kisasa haiingii nyuma, nipanue fremu?
Jibu: Pima nafasi ya habu kati ya pande mbili za fremu nyuma. Za gia 5 nyingi ni milimita 120, za 6 na 7 ni 126, za baadaye 130. Chuma hupanuliwa, ila kila upande kwa kiasi sawa, na masikio ya ekseli (ncha za fremu zinazoshika ekseli ya gurudumu) yanyooshwe baadaye. Fremu ya aluminiamu usiiguse.

Swali: Mwalimu, bomba la siti limegoma kabisa. Kostiki soda je?
Jibu: Hula aluminiamu na kuacha chuma, ni kweli. Lakini huchemka, hutoa haidrojeni na hubabua rangi na ngozi. Fanyia nje, vaa miwani na glavu, usizibe tundu. Mimi ningekata bomba kwa msumeno kwanza.

Swali: Habu inazunguka laini, lakini nikibana klipu ya kufungia gurudumu inakuwa nzito.
Jibu: Klipu huikandamiza ekseli kidogo. Rudisha koni (nati inayobana gololi) nyuma mpaka usikie mchezo mdogo gurudumu likiwa mkononi, kisha ulifunge na ulitikise. Mchezo ukipotea hapo, kaza loknati, ile nati inayofunga koni isizunguke.