Diski kubwa za nyuma bila kununua kalipa: nilivyofanya kwenye Forester yangu

Kazi yangu ni mashine za boti, Mwaloni Kirumba, Mwanza. Gari langu ni Subaru Forester ya 2004, toleo la SG5, na ndani linanuka dagaa kwa sababu wateja wengine hunilipa nusu pesa nusu gunia. Nakaa Isamilo, juu kabisa kwenye miamba. Kupanda hakunisumbui. Shida ni asubuhi, kushuka na injini ya boti nyuma, pikipiki inakatiza mbele na mama wa vitumbua ameweka beseni lake ukingoni mwa lami.

Mbele nilishabadilisha. Niliweka kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) za pistoni nne na diski za milimita 294 za Subaru Impreza WRX, vyote mtumba. Gari likawa linasimama vizuri, lakini kila nikikanyaga pua inazama na kazi yote inafanywa na magurudumu ya mbele. Nyuma zilibaki diski ndogo, nilizipima zikasoma 266. Nikaenda kuuliza bei ya kuzikuza. Fundi akaniangalia usoni: "Ngosha, andaa laki nane, unahitaji kalipa za nyuma za pistoni mbili." Laki nane ni propela mbili na chenji. Nikarudi kazini nikiwa nimenuna.

Ila baadaye, nimelala chini ya gari, nikaona jambo ambalo mtu wa mashine nilipaswa kuliona mapema. Kalipa ya nyuma haijashikwa na gari. Imeshikwa na braketi, yaani kishikio cha chuma, na braketi ndiyo imefungwa kwenye gari. Ukipata braketi yenye mikono mirefu zaidi, kalipa ile ile inasogea nje milimita 12, na diski ya 290 inapata nafasi. Pedi ni zile zile. Hozi ni ile ile na haifunguliwi, kwa hiyo hata kutoa upepo kwenye breki hakuhitajiki.

Braketi hizo na diski zake zinatoka kwenye Legacy Lancaster 6. Ndilo jina ambalo Outback ya injini ya silinda sita, lita 3.0, ilitumia kule Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Gari lile zito lilipewa diski kubwa nyuma lakini likabaki na kalipa ya pistoni moja kama yetu, na matundu ya bolti za tairi ni yale yale, matano kwenye duara la milimita 100. Ukiingia duka la spea za mtumba usiulize "diski kubwa za Subaru", utapewa chochote kikubwa. Uliza za Lancaster ya sita silinda, kisha usimwamini muuzaji, amini vanya yako, ile rula ya kubana inayopima kipenyo na unene.

Kabla hujatoa hela, ujue unanunua nini. Nguvu ya kusimamisha gurudumu ni kama spana: mkono ukiwa mrefu, nati inalegea kwa nguvu ndogo. Kwenye diski ya 266, pedi inabana takribani milimita 110 kutoka katikati. Kwenye ya 290 inabana kama 122. Hiyo ni nyongeza ya karibu asilimia 11 kwa mguu ule ule, na chuma kingi zaidi cha kumeza joto. Usitegemee gari lisimame nusu ya umbali. Anayesimamisha gari mwishoni ni tairi, na tairi zikiwa vipara hata diski ya ukubwa wa sinia la pilau haitakusaidia.

Na hapa nakuwa mkali kidogo. Kama mbele bado una breki ndogo za kiwandani, usianzie nyuma. Magurudumu ya nyuma yakikaba kabla ya mbele, mkia wa gari unataka kutangulia, na kwenye mteremko wenye mvua hutapata muda wa kujuta. Mbele kwanza, nyuma baadaye, na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikabe, iwe inafanya kazi.

Sasa dukani. Nenda na vanya, ile ya chuma au ya plastiki, haijalishi. Pima vitu vitatu. Kipenyo kwanza, 290. Pili unene, ulinganishe na kipimo cha mwisho kilichochapwa kwenye diski yenyewe, pembezoni au kwenye kofia yake, ile sehemu ya kati iliyotokeza. Ikiwa imebakiza nusu milimita tu, mwachie muuzaji aifanye kitako cha jiko. Cha tatu ndicho wengi wanakisahau: ngoma ya ndani. Subaru hizi hendibreki yake haitumii kalipa, ina viatu vidogo vinavyotanuka ndani ya kofia ya diski. Ngoma yetu ni 170. Legacy za baadaye zina diski za 290 pia, ila ngoma yake ni 190. Ile itaingia kwenye gari lako kirahisi kabisa, utafurahi, halafu utavuta hendibreki na viatu havitagusa kitu. Mimi nilikabidhiwa moja ya namna hiyo, imesuguliwa ikang'aa na kufungwa kwenye gazeti. Nilipoingiza vanya ndani ikasoma 190. Muuzaji akasema, "Kaka, tofauti ni ndogo tu." Ndogo, ndiyo, mpaka ukute Forester imeegeshwa sebuleni kwa jirani wa chini.

Mimi nililipa shilingi 70,000 kwa braketi mbili na 130,000 kwa diski mbili za mtumba, baada ya kubishana sana. Pedi mpya 45,000. Kopo la kusafishia breki, griisi ya silikoni na msasa vilikula kama 30,000. Kukereza diski zote mbili nililipa 20,000. Jumla 295,000, na soda nilinunuliwa. Ukipata diski mpya kwa bei ya kueleweka, chukua mpya, maana kukereza kunakula unene uliobaki.

Tafuta mahali tambarare. Nyumbani kwangu hapafai, kwa hiyo kazi niliifanyia Mwaloni, Jumapili, boti zikiwa zimepumzika. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, na kwa jiji hili ukisema umekosa jiwe nitakucheka. Lazima hendibreki iwe imeshushwa, la sivyo viatu vitaing'ang'ania diski. Legeza nati za tairi, inua kwa jeki, kisha weka stendi za chuma. Usifanye kazi gari likiwa juu ya jeki peke yake, hata kama fundi wako amefanya hivyo miaka ishirini na bado ana vidole.

Fungua bolti mbili za pini ambazo kalipa huteleza juu yake, toa kalipa na uifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa hozi. Toa pedi, fungua braketi ya zamani. Diski huwa imegandiana na habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa kutu, na hapo watu hukimbilia nyundo. Angalia usoni mwa diski: kuna matundu mawili madogo yenye nyuzi. Tia bolti mbili za M8, kaza moja robo mzunguko, kisha nyingine, kwa zamu, na diski itajisukuma yenyewe mpaka itoke na kishindo cha chini, "tup". Hakuna furaha nyingine kama hiyo kwenye kazi nzima.

Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa. Liloweshe, lifute.

Kisha tumia muda wako kwenye habu. Piga brashi ya waya, malizia na msasa, mpaka uso wote uwe chuma safi. Chembe ya kutu kama punje ya mchele ikibaki chini ya diski, huku nje diski inayumba, na baada ya wiki usukani au pedali inaanza kutetemeka, halafu utamlaumu aliyekereza.

Bamba la vumbi, lile bati jembamba nyuma ya diski, ndilo lililonitesa. Limekatwa kwa ajili ya diski ndogo, kwa hiyo lazima ulikunje nyuma au ulikate ukingo kwa grainda. Nililigonga kwa nyundo nikaona linatosha. Nilipofika Mabatini gari likaanza kulia kama mtu anakwangua sufuria ya ugali, abiria wa daladala wote wakageuka. Nikarudi nikakata ukingo wote, nikapaka rangi pale nilipokata. Lizungushe gurudumu kwa mkono kabla ya kufunga tairi, na usikilize.

Pini za kalipa zinataka griisi ya silikoni, si griisi yoyote. Najua kwa sababu niliwahi kutumia ile griisi nzuri ya propela, isiyotoka kwenye maji. Ilivimbisha mipira, pini zikakwama, pedi ya upande mmoja ikaisha yote huku mwenzake mpya. Nilijiona mjanja, kumbe nimejichimbia.

Funga braketi mpya, ingiza diski iliyosafishwa mafuta, weka pedi. Pistoni ya hapa inasukumwa moja kwa moja kurudi ndani, haihitaji kuzungushwa kama kwenye magari mengine. Fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki kwanza na uangalie yasifurike, maana yakigusa bodi yanabandua rangi. Bolti zote zikaze kwa spana ya kipimo, kwa namba za kitabu cha gari lako, si kwa kukisia na kukunja uso.

Rekebisha viatu vya hendibreki kupitia tundu lenye kizibo cha mpira: zungusha kigurudumu cha meno mpaka diski ikwame, kisha rudisha meno kadhaa mpaka izunguke huru.

Rimu sasa. Zangu ni inchi 16 na zilipita. Za inchi 15 usizikisie. Bandika kitonge cha kiporo cha ugali juu ya kalipa, vika rimu, izungushe taratibu, itoe, uone ugali umebanwa kiasi gani. Ukibaki mwembamba kama karatasi, tafuta rimu nyingine.

Kabla ya kuwasha gari, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Kanyagio la kwanza litazama hadi sakafuni kwa sababu pistoni ziko mbali na diski. Aliyesahau hili alijifunza ukutani.

Kuzoesha pedi mpya na diski nilikwenda barabara ya Usagara alfajiri, baada ya Buhongwa, magari yakiwa machache. Kutoka 60 mpaka 15, kama mara kumi, bila kusimama kabisa, kisha kilomita kadhaa bila kugusa breki zipoe. Ukisimama zikiwa za moto pedi inaacha alama yake kwenye diski. Baada ya hapo nikajaribu kukanyaga kwa nguvu mahali peupe, mwendo wa 40, kuona kama mkia unahama. Haukuhama. Pua bado inazama, ila kidogo, na gari zima linakaa chini kama ng'ombe anayelala.

Baada ya wiki nilifungua tena tairi nikapitia bolti zote kwa spana. Diski ndogo za zamani nilitaka kuziuza chuma chakavu, mvuvi mmoja akaniwahi. Amezipitisha kamba katikati, sasa ni nanga ya mtumbwi wake.