Glavu Ipi kwa Kazi Ipi Karakanani

Karakana ninayoisimamia iko Gerezani, Dar es Salaam. Tunachomelea mageti, tunakata mabati, tunapaka rangi. Glavu na ovaroli nanunua mwenyewe, na kabla ya kutoa hela nataka kujua huo mkono unakwenda kushika nini.

Mchomeleaji mnunulie glavu ndefu za ngozi, zinazopanda juu ya kifundo cha mkono. Zigeuze uone mishono: uzi wa nailoni huyeyuka cheche zikitua, na glavu hufumuka. Zikilowa jasho, anika kivulini na umpe jozi nyingine, maana ngozi iliyolowa hupitisha umeme.

Kwa mabati, tazama mgongoni mwa glavu kama pana alama ya nyundo yenye maandishi EN 388, kiwango cha Ulaya cha glavu za kukinga mikono. Chini yake utakuta kitu kama 4X43C. Tarakimu ya kwanza ni ya kukwaruzwa, ya pili kukatwa, ya tatu kuchanika, ya nne kutobolewa. X maana yake kipimo hicho hakikufanyika. Herufi ya mwisho ndiyo ninayoitafuta: ni kipimo kingine cha kukatwa, kinaanzia A hadi F, na F ndiyo imara kuliko zote. Kwa bati lenye makali mimi sishuki chini ya C.

Thina ina mambo yake. Glavu ya ngozi huinywa na kuibakiza mkononi. Glavu za naitrili, yaani mpira wa kiwandani, huhimili vizuri mafuta na grisi, lakini thina yenye asetoni huzipenya upesi, hivyo zikimwagikiwa, vua, tupa, vaa nyingine. Glavu yoyote ya mpira ijaze hewa, uiviringe kuanzia mdomoni, uisogeze shavuni. Ikivuja utasikia upepo.

Saizi nayo isikadiriwe kwa macho. Zungusha futi kamba kwenye kiganja chini ya vidole, ukiacha dole gumba. Inchi 9 ni saizi 9. Glavu inayopwaya hunasa, inayobana huvuliwa kazini.

Kwenye mashine ya drili na ya lezi, ile inayozungusha chuma kikichongwa, hakuna glavu kabisa. Hapa sina mjadala na fundi yeyote. Drili ikinasa uzi mmoja tu, inavuta kidole na mkono kabla hujaifikia swichi. Mikono ya ovaroli ifungwe vifungo, mkufu uvuliwe, kanga isiwe kiunoni.

Ovaroli ya mchomeleaji iwe pamba tupu. Muuzaji akikuapia, chomoa uzi kwenye pindo la ndani uwashe kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kubaki jivu laini. Poliesta hujikunja ikawa kidonge kigumu cheusi, na kidonge hicho ndicho kinachoganda kwenye mwili wa mtu. Suruali ishuke juu ya buti, wala isikunjwe chini, kwa kuwa mkunjo hukusanya cheche.

Jambo linaloniuma ni saidia fundi kurithishwa glavu zilizotoboka, ilhali yeye ndiye anayebeba mabati kutwa nzima. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na saidia fundi ni mfanyakazi kama wengine. Mpime kiganja siku anayoanza, umkabidhi zake mpya kabla hajagusa bati.