Kupunguza wanga ukiwa na kisukari: chagua kiwango kwanza

Wengi wanaokuja kwangu wakiwa wameshaamua kupunguza wanga huja na jina mkononi. Mmoja kasikia habari za keto, yaani ulaji wa wanga kidogo sana, mwingine kaambiwa na shemeji yake aache wali moja kwa moja, wa tatu ana picha ya sahani aliyotumiwa kwenye simu na anataka nimwambie kama inafaa. Mimi ni mtaalamu wa lishe, watu wenye kisukari ndio kazi yangu ya kila siku, na swali langu la kwanza halihusu chakula hata kidogo. Nauliza: unatumia dawa gani? La pili: jana baada ya chakula cha mchana sukari yako ilisoma ngapi? Hilo la pili kwa kawaida halijibiwi.

Ninayoandika hapa yanamhusu mtu mzima mwenye kisukari aina ya pili. Mwenye aina ya kwanza naye anaweza kula wanga kidogo, lakini hesabu zake za insulini azifanye pamoja na daktari wake tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Toa dawa zako zote, ziweke mezani

Usiruke hatua hii hata kama una haraka.

Kama unachoma insulini, au unameza vidonge vinavyoisukuma kongosho itoe insulini zaidi (glibenklamidi, gliklazidi na glimepiridi ndivyo vinavyojulikana zaidi), dozi yako ilipangwa kulingana na chakula ulichokuwa unakula. Ukipunguza wanga nusu na dozi ukaiacha ilivyo, sukari itashuka kupita kiasi. Mama mmoja alianza mpango wake Jumatatu bila kumwambia mtu. Jumatano usiku akaamka ameloa jasho, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki; binti yake akadhani ni homa. Bahati nzuri mashine ya kupimia ilikuwa karibu, ikasoma 2.9. Chakula chake cha jioni hakikuwa na kosa lolote. Kidonge ndicho kilichokuwa bado kinahudumia sahani ya zamani.

Kundi la pili la kuangalia ni dawa zinazotoa sukari kupitia mkojo, mfano dapagliflozini na empagliflozini. Hizi zikikutana na wanga mdogo sana, mwili unaweza kujaza ketoni, yaani mabaki ya mafuta yanayochomwa badala ya sukari, hadi damu ikawa na asidi, na ubaya wake ni kwamba mashine inaweza kusoma namba ya kawaida tu. Kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu: ukiyaona hayo ukiwa kwenye dawa hizi, nenda hospitali bila kusubiri mashine ikuambie.

Metformini peke yake kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi. Dawa za presha zitazame pia, kwa sababu watu wengi presha hushuka wiki za mwanzo, ukajikuta unaona kizunguzungu kila unaposimama.

Kwa hiyo kabla ya kubadili sahani, zungumza na anayekuandikia dawa, mwambie unakusudia kupunguza wanga kwa kiasi gani na kuanzia lini. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo, na aliyewahi kusumbuliwa na matatizo ya kujinyima au kubugia chakula wasiingie kwenye mpango mkali. Hao wana njia nyingine.

Hatua ya 2: Pima siku 3 ukiwa unakula kama kawaida yako

Usijifanye mwema siku hizi tatu. Kula unavyokula siku zote. Pima kabla ya mlo, kisha baada ya saa 2 kuanzia tonge la kwanza, uandike namba zote mbili na ulichokula. Vijiti vya kupimia vikiwa vichache, chagua mlo mmoja tu kwa siku: leo asubuhi, kesho mchana, keshokutwa jioni.

Nawa mikono kwa maji na sabuni, ukauke, ndipo utoboe kidole. Nilishamwona mzee aliyetoka kumenya chungwa akapima 14.3, akashtuka na kuanza kulaumu dawa. Akanawa, akarudia kidole kilekile: 7.1. Ile iliyopimwa kwanza ilikuwa sukari ya chungwa.

Watu wazima wengi wenye kisukari hulenga kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya saa 1 hadi 2 tangu kuanza mlo. Hizo ni milimoli kwa lita. Mashine yako ikisoma mamia, inatumia miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18 upate namba hizi. Wazee sana na wenye magonjwa mengine hupewa malengo yaliyolegea zaidi, kwa hiyo shika namba ulizopewa wewe.

Unachokitafuta hapa ni tofauti kati ya namba mbili za mlo mmoja. Ukitoka 6.8 ukafika 13.5 baada ya kifungua kinywa, na jioni ukatoka 7 ukafika 8.4, basi shida yako inakaa asubuhi. Huna sababu ya kuuvuruga mlo wa jioni usio na hatia.

Hatua ya 3: Hesabu wanga unaokula sasa

Hapa ndipo watu huchoka, nami nawaelewa. Lakini ifanye wiki moja tu ukiwa na mizani ndogo ya jikoni. Baada ya hapo jicho linazoea. Wanga ni sukari, wanga wa nafaka, mizizi na ndizi, na sukari ya maziwa na matunda, vyote pamoja.

Vipimo vya kuanzia, kwa kukadiria: gramu 100 za wali uliopikwa zina wanga gramu 28. Kipande cha mkate, 12 hadi 15. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha, kama 20. Ndizi mbivu ya kati, 27. Glasi ya maziwa ya mililita 250, 12. Kijiko cha chai cha sukari, 4. Kopo la soda la mililita 330, kama 35. Yai halifiki hata gramu 1. Nyama na samaki visivyopakwa unga hesabu yake ni sifuri.

Mwambie mtu yeyote akupakulie "wali kidogo" kisha uuweke kwenye mizani. Nimefanya hivi na watu wengi, na sahani inayoitwa kidogo mara nyingi inagonga gramu 250 au 300. Hiyo ni wanga gramu 70 hadi 84 kabla hujagusa kingine.

Chukua siku ya mtu mmoja. Asubuhi vipande viwili vya mkate, chai yenye vijiko viwili vya sukari na ndizi: kama 63. Mchana wali gramu 300, maharage gramu 150 na glasi ya juisi ya machungwa: 84, 23 (nimeondoa nyuzinyuzi, ambazo hazipandishi sukari) na 26, jumla 133. Jioni viazi gramu 250 na glasi ya maziwa: 62. Siku nzima ni karibu gramu 258. Huyu ni mtu aliyeniambia kwa dhati kabisa kwamba vitu vitamu havili, na hakuwa anadanganya.

Neno moja kuhusu lebo. Bidhaa zenye lebo ya mtindo wa Marekani huhesabu nyuzinyuzi ndani ya jumla ya wanga, kwa hiyo unaweza kuziondoa. Lebo za Ulaya zimeshaziondoa na kuziandika mstari wake pembeni. Ukiziondoa tena unajidanganya. Na "haijaongezwa sukari" haimaanishi haina wanga.

Hatua ya 4: Chagua kiwango

Sasa ndipo unachagua. Wataalamu wengi huita wanga kidogo chochote kilicho chini ya gramu 130 kwa siku, na wanga kidogo sana ni gramu 20 hadi 50, huko ndiko keto iliko. Juu ya 130 kuna eneo pana la kupunguza kwa wastani, ambalo halina jina la kuvutia na kwa hiyo halitangazwi na mtu.

Hakuna asilimia moja ya wanga iliyothibitika kumfaa kila mwenye kisukari. Ripoti ya Chama cha Kisukari cha Marekani ya mwaka 2019 ilisema hivyo, huku ikikiri kuwa kupunguza wanga kwa jumla ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari. Na si jambo jipya. Daktari John Rollo alikuwa akiwapa wagonjwa wa kisukari nyama na kuwanyima nafaka tangu miaka ya 1790, na hadi insulini ilipogunduliwa Toronto mwaka 1921 madaktari hawakuwa na silaha nyingine ya maana zaidi ya chakula.

Uchambuzi wa majaribio 23 uliochapishwa na jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2021 ulionyesha kwamba waliokula wanga kidogo walikuwa mbele ya wenzao kwenye miezi 6, lakini ilipofika miezi 12 sehemu kubwa ya faida hiyo ilikuwa imefifia. Mimi nasoma hapo hadithi ya watu waliochoka. Ndiyo maana nachagua kiwango nikiangalia mwezi wa kumi na mbili.

Namna ninavyoamua: kama unakula 250 kwa siku na namba zako hazijapaa sana, shuka hadi 150 au 130 kwanza. Ukiwa huko tayari na bado milo yako inapandisha sukari kwa zaidi ya 3, nenda 100 au 80. Gramu 20 hadi 50 nawaachia wenye sababu nzito, wasio na dawa za kuogopewa za hatua ya 1, wenye daktari anayewafuatilia, na ambao nyumbani hawapiki chungu kimoja kwa watu saba. Hilo la mwisho huonekana dogo, na ndilo linaloangusha mipango mingi.

Hatua ya 5: Jaza nafasi iliyobaki

Anza na vinywaji. Soda, juisi na sukari ya chai vikiondoka, wengine wameshafika nusu ya safari bila kugusa sahani. Juisi uliyokamua mwenyewe ni sukari ileile; kula chungwa zima.

Yule wa gramu 258 tulimpanga hivi. Asubuhi mayai mawili, kipande kimoja cha mkate, chai bila sukari: 15. Mchana wali gramu 100, maharage yaleyale gramu 150, samaki na mboga za majani tele: 59. Chungwa moja: 13. Jioni kuku, mboga, viazi gramu 100 na glasi ya maziwa: 40. Jumla 127, na bado anaona wali kwenye sahani yake.

Maharage sikuyaondoa, na kuna wenzangu hatukubaliani hapo. Yana wanga, kweli, lakini nyuzinyuzi zake huifanya sukari ipande polepole na yanashibisha. Ukiingia chini ya 50 hayatakuwa na nafasi, ila kwa 130 kuyatupa ni hasara.

Mafuta chagua ya parachichi, karanga, samaki na zeituni kuliko siagi na nyama za kusindikwa kila siku. Na usiogope kushiba. Mwenye njaa saa nne usiku hula mkate wote. Mboga na nyama kula mwanzo wa mlo, wali mwishoni. Wengi huona kilele cha sukari kikipungua kwa mpangilio huo tu.

Hatua ya 6: Wiki mbili za mwanzo

Rudia vipimo vya hatua ya 2, mlo uleule, ulinganishe. Mwenye insulini au vidonge vya kusukuma kongosho apime zaidi, na asiendeshe gari bila kupima.

Ikisoma chini ya 3.9, kunywa maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, au juisi mililita 150, pima tena baada ya dakika 15, rudia kama haijapanda. Usijinyime sukari hiyo kwa sababu "uko kwenye mpango". Wakati huo ni dawa. Kisha mpigie daktari, dozi ipunguzwe. Mtu akizimia, asimwagiwe chochote mdomoni; akimbizwe hospitali.

Kichwa kuuma na uchovu siku chache za mwanzo ni kawaida kwa walioshuka sana, kwa sababu mwili hupoteza maji na chumvi. Kunywa maji. Mwenye presha, moyo au figo asijiongezee chumvi kabla ya kuuliza. Choo kikiwa kigumu, mboga hazitoshi.

Usikate tamaa ukiamka na 8.5 ilhali jana jioni hukula wanga wa maana. Ini hutengeneza na kuachia sukari lenyewe alfajiri. Namba ya asubuhi mara nyingi ndiyo ya mwisho kutii.

Hatua ya 7: Miezi 3

Fanya kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Watu wazima wengi hulenga chini ya asilimia 7. Pamoja nacho pima lehemu (kolesteroli), maana kuna watu ambao lehemu mbaya hupanda kwenye wanga kidogo sana, na figo. Kama ulianza ukiwa na sukari ya juu sana na una tatizo la macho, kapimwe macho kabla hata ya kuanza, kwa sababu kushuka kwa ghafla kunaweza kuzidisha tatizo hilo kwa muda.

Majibu yakiwa mazuri lakini umechoka, legeza mahali pamoja. Rudisha gramu 15 kwenye mlo mmoja, kipande cha mkate au vijiko vichache vya wali, na upime mlo huo siku 3. Ukibaki chini ya 10, hiyo gramu 15 ni yako. Ikivuka, ihamishie kwenye mlo mwingine uone kama huko inapokelewa. Kuna watu wasioweza mkate asubuhi lakini jioni, wakishatembea dakika 20 baada ya kula, mashine haisemi kitu.