SOMO: Bata wa kuachiwa – kuwazoesha kurudi jioni na kuwakinga na wanyama wawindaji

Wengi wakishapoteza bata hukimbilia kuinua uzio. Uzio una kazi yake, tutaufikia. Lakini kwa bata anayeachiwa ajitafutie, kinga ya kwanza ni saa: awe ndani kabla giza halijaingia, kila siku. Kuku jua likizama hujipeleka bandani mwenyewe. Bata usimtegemee kwa hilo. Gizani anaona vizuri kuliko kuku, usiku kwake bado ni muda wa kula, na asipofuatwa ataendelea kuchokonoa matope au atalala chini kwenye nyasi, ambako kila mwenye njaa anamfikia. Ndiyo maana tunaanza na mafunzo, nyundo na misumari baadaye.

Hatua ya 1: Wafungie kwanza

Bata wageni wakae wiki 1 hadi 2 kwenye banda na kiuga chake bila kuachiwa. Ukiwafungulia siku ile ile uliyowaleta, watafuata maji ya kwanza watakayoyaona na hawatakuwa na sababu ya kurudi. Pia usilete mmoja peke yake. Bata ni mnyama wa kundi. Akiwa mpweke atatangatanga hadi apate wenzake, hata kama ni wa jirani.

Hatua ya 2: Mlo mkubwa uwe jioni

Asubuhi wape kidogo tu, mchana wajitafutie konokono, wadudu na majani. Shibe yenyewe waikute jioni, ndani ya banda, saa ile ile na kwa mwito ule ule. Gonga debe, piga mluzi, ita utakavyo, mradi usibadilishe. Kila mtu wa nyumbani aujue mwito huo, la sivyo siku ukisafiri watagoma.

Nusu saa kabla ya jua kuzama ni wakati mzuri. Wakizubaa usiwakimbize, utawatawanya. Pita nyuma yao polepole, mikono umeitandaza au umeshika fimbo ndefu, kundi litatembea mbele yako. Mmoja akichomoka, mwache. Akiona wenzake wanaondoka atakuja mbio. Ukilazimika kumshika, usimkamate mguu, maana miguu ya bata huumia upesi. Mkumbatie kwa mikono miwili huku umemfunga mabawa.

Hatua ya 3: Banda la usiku

Hapa ndipo pesa inapopotea. Ule wavu mwembamba wa kuku, wenye matundu ya pembe sita, unamzuia kuku asitoke. Haumzuii mbwa asiingie. Huurarua kwa meno. Tumia waya meshi uliochomelewa, matundu yasizidi nusu inchi, yaani kama milimita 12. Panya na nguchiro hupenya mahali ambapo mtu hadhani. Upande wa chini ziba kwa mbao hadi kupita kimo cha bata, kwa sababu bata hulala chini karibu na ukuta, na kuna wanyama wanaoweza kumvuta kichwa kupitia tundu.

Wachimbaji nao wana dawa yao. Fukia waya sentimita 30 ardhini, au, kama ardhi ni ngumu, ulaze waya bapa kwa nje upana wa sentimita 50 hadi 60 na kuukaza kwa vigingi. Mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapogusa ardhi; akikutana na waya hukata tamaa, mara chache hufikiria kurudi nyuma na kuanzia mbali.

Mlango uwe na komeo na kitu cha pili juu yake, ndoano au kufuli, kwa sababu komeo jepesi hufunguka likisukumwasukumwa. Nafasi: karibu nusu mita ya mraba kwa kila bata. Matundu ya hewa yawe juu, bata ana unyevu mwingi. Na kwa kuwa chakula kiko ndani, maji nayo yawe ndani, kwenye chombo chenye kina cha kuzamisha pua. Bata akila chakula kikavu bila maji anaweza kukabwa.

Hatua ya 4: Mchana

Usifungue alfajiri. Bata wengi hutaga kati ya usiku na asubuhi mapema, kwa hiyo ukifungua saa 2 au saa 3 asubuhi mayai unayapata ndani badala ya vichakani, na wawindaji wa alfajiri wameshaondoka.

Weka maji ya kuogea nyumbani, hata beseni pana. Bata aliyekosa maji atayafuata yalipo. Acha pia vichaka vifupi au chanja ya kujificha chini yake mwewe akizunguka.

Aina nzito haziruki. Wale wenye nyama nyekundu usoni huruka vizuri sana, hasa majike. Hao kata manyoya marefu 10 ya ncha ya bawa moja tu, ili akose mizani. Unyoya mchanga ambao kikonyo chake bado kina damu usiuguse. Akipukutika na kuota mapya, unarudia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimekuta bata wanne wamekufa, hakuna aliyeliwa. Ni nini hicho?

Jibu: Shuku mbwa kwanza. Mbwa huua kwa mchezo na kuacha. Manyoya yaliyonyofolewa yakiwa rundo mahali pamoja na kifua kimeliwa, huyo ni ndege wa mawindo. Kichwa hakipo na mwili uko kando ya wavu, alivutwa. Akitoweka bila hata unyoya, ni mnyama wa kubeba kama mbweha, au wa miguu miwili, na huyo dawa yake ni kufuli.

Swali: Jike wangu hupotea siku nzima, anakuja mara moja kula kwa pupa na kuondoka tena.

Jibu: Anaatamia mahali. Mfuate kwa mbali akimaliza kula. Bata wengi huatamia siku 28, wale wa uso mwekundu kama 35, na muda wote huo yuko chini gizani peke yake. Mzungushie waya meshi wenye paa hapo hapo. Ukimhamisha anaweza kuyasusa mayai.

Swali: Bukini wanalinda bata?

Jibu: Wanapiga kelele, kwa hiyo wanakuamsha. Kwa mbwa mkubwa, bukini mwenyewe ni chakula.

Swali: Wangu jioni wanakaa katikati ya bwawa, mwito hawausikii kabisa.

Jibu: Wanausikia, wameshiba. Usiwalishe kabisa kando ya bwawa. Leo jioni tafuta msaidizi, kila mmoja ashike ncha ya kamba ndefu, yeye ng'ambo hii na wewe ng'ambo ile, muivute polepole juu ya maji kuelekea upande wa banda. Mtu wa tatu agonge debe mlangoni. Wakishazoea kutoka kwa kamba, wengi huanza kutoka wakiiona tu.