Kununua gumegume ya mtumba Marekani na kuipiga mpaka iwake

Mlioko Pennsylvania na mnapenda kuwinda mnajua kuna msimu wa kulungu unaoanza baada ya Krismasi, upo tangu 1974, na ni wa bunduki za gumegume tu, yaani gobore la jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche, sio la fataki wala zile za kisasa zenye darubini. Ndo maana jimbo hili limejaa nakala za bunduki za kizamani, nyingi za Italia (Pedersoli, Investarm waliotengeneza zile Lyman Great Plains) na nyingine za hapahapa Marekani kama Thompson/Center Hawken iliyoingia sokoni 1970, na msimu ukiisha utaziona zinauzwa mtumba kila kona, kwenye maduka ya bunduki, minada, magereji ya wazee.

Sasa kabla hujatoa hela jiulize kwa nini jamaa anauza. Mara nyingi jibu ni kwamba haiwaki. Alivuta trigger kulungu kasimama pale, ikalia klak, kulungu kaondoka, akairudisha kabatini akaichukia mpaka leo. Na ukichunguza unakuta shida ni jiwe butu, au baruti isiyofaa, au kitundu cha moto (kile cha ubavuni mwa mtutu kinachopitisha moto kwenda kwenye baruti) kimeziba uchafu, vitu vya dola chache kabisa. Hiyo ndo bunduki ya kuitafuta. Ya kuikimbia ni ile inayong'aa nje, mbao imepigwa vanishi upya, halafu mtutu ndani umeliwa na kutu, kwa sababu kuwaka kunarekebishika ila mtutu uliooza huufanyi kitu zaidi ya kununua mwingine.

Sheria nitaigusa haraka. Kwa sheria ya serikali kuu hapa, gobore linahesabika ni kitu cha kale, kwa hiyo fomu za kawaida za dukani hazihusiki, ila majimbo yana mambo yao, New Jersey kwa mfano inaihesabu ni silaha kama nyingine tu. Kama una kesi ya nyuma au makaratasi yako ya uhamiaji hayajakaa sawa usisikilize mtu wa mtandaoni, mimi nikiwemo, ongea na wakili. Na usije ukawaza kuipeleka nyumbani zawadi kwa mjomba, Tanzania gobore linataka leseni na hawana utani kwenye hilo.

Haya, uko mbele ya bunduki. Kitu cha kwanza kabisa, hata kabla ya bei: ina kitu ndani au haina? Magobore ya zamani yanauzwa yakiwa na baruti na risasi ndani mara nyingi kuliko unavyodhani, mtu alishindilia msimu wa mwisho akasahau, akafa, watoto wanauza. Elekeza mdomo sehemu salama, hakikisha kisahani (kile cha nje kando ya kitundu, kinachowekwa baruti ya kuwashia) hakina baruti, ingiza mdeki (ufito wa kushindilia) mpaka ugote chini, weka alama ya kidole pale mdomoni mwa mtutu, utoe, halafu uulaze nje ya mtutu. Ncha yake inatakiwa ifike usawa wa kitundu cha moto au karibu sana. Ikiishia inchi moja au zaidi kabla ya hapo, kuna kitu kimelala humo, mrudishie muuzaji aitoe kwa fundi, hiyo sio kazi yako siku hiyo.

Kama ni tupu, angalia mtutu. Tochi ndogo nyembamba ya kudondosha ndani inasaidia, ila mimi naamini zaidi kitambaa. Funga kitambaa safi cha pamba kwenye mdeki, sukuma mpaka chini na uvute polepole ukisikiliza mkono: mtutu mzuri unavuta sawasawa kuanzia chini mpaka juu, mbovu unakwaruza na kukamata hasa zile inchi za mwisho kule chini ya mtutu, maana uchafu wa baruti hukaa huko na watu hawafiki vizuri wakisafisha. Kitambaa kikitoka na rangi ya kahawia kidogo sio msiba, kikitoka kimechanika nyuzi acha. Kama mtutu una uvimbe au pete unayoihisi ukipitisha vidole kwa nje, ondoka, huyo alipiga risasi ambayo haikufika chini kwenye baruti. Angalia pia namba ya mzunguko kama imeandikwa, 1:48 maana yake risasi inajizungusha mara moja kila inchi 48. Goroli ya risasi ya duara inapenda mzunguko wa taratibu, 1:60 au 1:66, hiyo 1:48 ya Hawken iko katikati na inapiga vizuri tu, ila 1:28 imetengenezwa kwa risasi ndefu za kisasa, usinunue kama unataka kupiga goroli. Za Italia zina mihuri ya majaribio kwenye mtutu, herufi PN zina maana ya baruti nyeusi.

Sasa kwenye mtambo wa kufyatulia ndo ukae muda mrefu. Kwanza koki nusu, yaani rudisha nyundo nyuma hadi ishike nusu ya safari, halafu vuta trigger kwa nguvu ya kawaida (bunduki tupu, jiwe limetolewa), nyundo isidondoke. Ikidondoka usichukue hata kwa bure, labda kama una fundi. Koki nzima, sukuma nyundo kwa dole gumba bila kugusa trigger, nayo ibaki. Halafu ile frizeni, chuma kinachopigwa na jiwe kikatoa cheche: kama uso wake una mifereji mirefu au umeshimbika kama ngazi, ujue chuma chake ni laini. Pitisha faili ndogo pembeni sehemu isiyoonekana, muombe mwenyewe kwanza, faili ikiteleza chuma ni kigumu, ikiuma na kutoa unga kimelainika na kitahitaji kurudishwa motoni au kubadilishwa. Na kipimo cha mwisho ni cha giza. Nenda nae gereji uzime taa, weka jiwe jipya, fyatua. Unataka cheche nyeupe au za njano nzito zinazodondoka mpaka ndani ya kisahani na kuendelea kuchemka hapo kidogo, zikiwa nyekundu hafifu na zinazimika hewani hiyo haiwashi baruti siku ya baridi. Muuzaji akikataa kipimo hiki amekujibu tayari.

Kitundu cha moto kiwe kama inchi 1/16 hivi na kikae usawa wa juu ya kisahani. Kikiwa kimepanuka sana moto mwingi unatokea pembeni, ila nyingi zina bushi (kipande kidogo chenye hicho kitundu) inayofunguliwa na kubadilishwa kwa bei ndogo, kwa hiyo tumia hilo kupunguzia bei. Shingo ya mbao, pale nyuma ya mtambo, ikiwa na ufa ikimbie. Na kuna nyingi zilizouzwa kama seti ya vipande watu wakaunganisha wenyewe sebuleni, nyingine zimetoka safi kuliko za kiwandani na nyingine balaa tupu, angalia tu mbao ilivyokumbatia chuma utamjua fundi.

Umenunua. Baruti sasa: baruti nyeusi halisi, basi. Zile mbadala kama Pyrodex zinawaka kwa joto la juu zaidi na gumegume haziwezi kuziamsha vizuri, na hapa ndipo nusu ya wale waliokata tamaa walipokwama, walienda duka kubwa wakanunua kilichokuwepo shelfuni. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ni MARUFUKU, hata kidogo, hata kwa kuchanganya, inapasua mtutu usoni kwako. Chembe zinapangwa kwa F, mbili ni kubwa, tatu ni ndogo, nne ni unga wa kuwekea kwenye kisahani. Ukiagiza mtandaoni kuna ada ya mzigo wa hatari inayouma, kwa hiyo changeni watu kadhaa muagize pamoja.

Kwa kaliba .50, yaani mtutu wa upana wa nusu inchi, tumia goroli ya inchi .490 na kitambaa cha pamba cha inchi .015 kilichopakwa mafuta ya mimea au ya wanyama, sio ya petroli, yale yakikutana na moshi wa baruti yanageuka lami. Anza na grein 50 (grein ni kipimo kidogo cha baruti) za F tatu kama kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu, na kiwango chake cha juu usikivuke, kwa shabaha ya karatasi kuna raha kubwa hata na grein hamsini.

Ukifika renji, uwanja wa kupigia shabaha, futa kwanza mafuta yote ya kuhifadhia kwa kitambaa chenye spiriti, mtutu, kisahani, jiwe na uso wa frizeni, maana mafuta ndo muuaji wa risasi ya kwanza. Vaa miwani, vipande vya jiwe vinaruka, na hakikisha hakuna mtu kulia kwako pale kitundu kinapotemea moto. Pima baruti kwenye kipimo halafu mimina, usimimine kamwe moja kwa moja toka kwenye pembe au kopo, kaa dogo la moto lililobaki ndani linakuachia bomu mkononi. Kitambaa, goroli, sukuma kwa mdeki ukiushika karibu na mdomo wa mtutu, hatua fupifupi, ukiushika juu unavunjika na kukutoboa kiganja. Uso wako usiwe juu ya mdomo. Goroli lazima lilale juu ya baruti bila nafasi katikati, na likishafika chora alama kwenye mdeki ili kila raundi uone kwa macho kwamba umefika.

Kisahani jaza ukiwa tayari umesimama kwenye mstari mdomo unaangalia shabaha, kiasi kidogo, grein tatu hivi, chini ya usawa wa kitundu, watu wanakirundika wakidhani moto utakuwa mkubwa kumbe kitundu kilichozibwa na baruti kinawaka polepole kama utambi na unasikia fwiii kabla ya mlio. Funga, koki nzima, lenga, vuta, na ENDELEA kulenga. Kuna mwanya kati ya cheche na mlio, mdogo ila upo, na macho yako yataona moto pembeni na yatataka kufumba, ukiyafuata risasi inaenda kwa jirani.

Isipowaka, usigeuke. Mdomo ubaki mbele kwa dakika moja nzima au mbili, halafu zibua kitundu kwa waya mwembamba, futa jiwe na frizeni, jaza kisahani upya. Ukisahau baruti ukashindilia goroli peke yake (itatokea), penyeza chembechembe za baruti kupitia kitundu, hakikisha kwa mdeki goroli bado limekaa chini kabisa, elekeza kwenye tuta la udongo na ulitoe kwa kulipiga.

Baada ya risasi chache tembea mbele uokote vile vitambaa. Kikiwa na msalaba mweusi na kimebaki kizima mambo safi. Kikiwa kimeungua katikati ni chembamba au kikavu, kikiwa kimekatwa mistari mtutu bado una makali, utalainika ukiendelea kupiga. Kati ya raundi pitisha kitambaa chenye unyevu halafu kikavu, hasa siku za joto.

Kusafisha ni siku hiyohiyo, sio kesho, masizi ya baruti yanavuta maji toka hewani. Hawken unatoa kabari, mtutu unanyanyuka, unauzamisha kitundu kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu na sabuni na kupiga pampu kwa mdeki mpaka maji yatoke meupe. Zile ndefu zilizofungwa kwa pini usizifungue kila mara, ziba kitundu kwa kijiti na umimine maji toka juu. Kausha vitambaa kadhaa, paka mafuta, na kesho yake asubuhi pitisha kitambaa tena, kikitoka na kahawia osha upya.