"Run out of": namna ya kuishiwa kwa Kiingereza

Wanafunzi wangu wakitaka kusema sukari imekwisha, husema "Sugar is finished". Huku kwetu kila mtu anaelewa, sioni kosa la kumtoa mtu jasho. Balaa huja kwenye "nimeishiwa sukari". Hapo hutoka "I am finished sugar", na hiyo haieleweki hata dukani kwa jirani.

Hatua ya 1: Anza na Kiswahili chako. Jiulize nani katangulia kwenye sentensi. Kikitangulia kitu (sukari imekwisha), tumia "run out" peke yake: "The sugar has run out." Akitangulia mtu (nimeishiwa sukari), ongeza "of": "I have run out of sugar." Hiyo "of" ndiyo inayobeba kazi ya "-iwa" katika kuishiwa. Ukiisahau hapo, sentensi inaharibika.

Hatua ya 2: Weka wakati wake. Ya jana ni "ran": "We ran out of petrol at Chalinze." Baada ya "have" au "has" inarudi kuwa "run", kamwe si "has ran". Halafu kuna "running out", ambayo wengi huiruka. Mama akisema "We are running out of gas", gesi bado ipo, ila anakutuma mtungi leo. Akisema "We have run out of gas", ugali umelala njiani.

Hatua ya 3: Jua kinachoweza kwisha. Hela, muda, bando, yuniti za Luku, hata uvumilivu. Bosi akikuambia "I'm running out of patience", fanya haraka. Pasipoti na mkataba navyo hu-"run out", yaani muda wake unakwisha, lakini hapo kitu ndicho hutangulia: "My passport runs out in June."

Hatua ya 4: Tazama neno linalofuata. "He ran out of the house" hakuishiwa nyumba, alitoka mbio. Na "of" ikigeuka "on" mambo ni mengine kabisa: "He ran out on his wife", kamtelekeza mkewe.

Masikio nayo yajiandae, maana wenyewe huyaunganisha maneno matatu yakawa kama "ranautav".

Sasa tafsiri bila kuchungulia juu:

Bando limeisha.
Tuliishiwa maji jana.
Muda unatuishia.
Alitoka mbio darasani.